Mifuko ya pensheni inawekeza hela zetu au inaikopesha Serikali tu? Nimebakiza miaka 6 kustaafu

#1 Mwalimu wa Zamu
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, miaka 6 ijayo natimiza 60. Juzi walikuja maofisa wa mfuko shuleni kutupa elimu ya mafao. Nikanyoosha mkono: hela zetu zimewekwa wapi? Nikajibiwa kwamba sehemu kubwa ipo kwenye hatifungani za Serikali. Mwenzangu wa Fizikia aliyekaa nyuma akadakia: "Kwa hiyo mwajiri wangu ananikata, anajikopesha, halafu uzeeni ananirudishia, na huo ndio uwekezaji." Chumba kizima kikacheka. Ofisa naye akacheka.

Mimi sikucheka, na swali limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Dunia yenyewe mnaiona ilivyo. Wafadhili wanafunga virago. Dola 2024 ilitufikisha karibu na 2,700, mwaka haujaisha ikarudi jirani na 2,400. Mtu binafsi akiyumba anauza mbuzi. Mfuko wenye matrilioni ya watu unafanyaje?

Hoja yangu: mfuko unaonunua karatasi za Serikali peke yake unatunza hela, hauwekezi. Nipingeni.

#2 Popobawa
Nawahi siti ya mbele kabla wenye majengo hawajaja.

#3 Mzee wa Kuponi
Mwalimu, nakupinga mchana kweupe. Aprili 2021 BoT (Benki Kuu yetu) ilipotoa hatifungani ya miaka 25 kwa mara ya kwanza, kuponi, yaani riba ya mwaka, ilikuwa asilimia 15.95. Mfumuko wa bei wetu unazunguka kwenye asilimia 3 na kitu. Nitajie biashara halali hapa nchini inayokuachia asilimia 12 hivi juu ya mfumuko, inayolipa kila miezi sita kwa miaka 25, na humo ndani hugombani na fundi, mpangaji wala mwenyekiti wa mtaa. Ukiipata nitumie inbox, usiiweke hapa.

#4 Zege Halilali
"Hugombani na fundi." Mzee nimekuelewa unamrushia nani hilo jiwe 😂

#5 Chai ya Rangi
Mzee #3 umesoma ukurasa wa kwanza ukafunga kitabu. 2022 hiyo hiyo ya miaka 25 ilishushwa kuponi hadi 12.56. Mwenye hela mkononi mwaka ule aliikuta bei mpya mlangoni. Mfuko haununui mara moja ukalala. Kila mwezi michango inaingia, na hatifungani za zamani zinaiva. Hela hizo lazima zipate pa kukaa, na zinakaa kwa bei ya leo. Kwa hiyo hiyo 15.95 unayoisifia ni ya waliowahi.

#6 Mzee wa Kuponi
Na waliowahi ndio wametajirika! Chukua karatasi ya 15.95 wakati soko limeridhika na 12.56. Piga hesabu, bei yake inafika kama 125 kwa kila 100. Ukiuza siku hiyo una robo ya mtaji juu, mbali na kuponi ulizokwisha kula.

#7 Fundi Hesabu
Hesabu yako ni sahihi, ila ni ya mtu mwenye milioni 20. Mfuko ukipeleka soko la upili, la kuuziana karatasi zilizokwisha kununuliwa, karatasi za bilioni 300 nani ananunua? Benki nne, tano hivi na kampuni za bima, na wote wanajua unauza. Bei inaanguka kabla hujamaliza kuandika barua. Ndiyo maana mifuko inakaa nazo mpaka ziive. Hiyo 125 yako itabaki kuwa namba kwenye vitabu.

Halafu igeuze. Aliyenunua kwa 12.56, soko likapanda hadi 15.75, karatasi yake inashuka hadi kama 80. Asipouza hajapoteza shilingi. Akilazimika kuuza ameumia. Silicon Valley Bank ya Marekani ilikufa hivyo Machi 2023: ilishika hatifungani za Serikali, karatasi safi kabisa, lakini wateja walitaka hela zao wiki moja. Kwa mfuko swali kubwa ni kama unaweza kusubiri. Usalama wa karatasi unafuata baadaye.

#8 Msafiri wa Leicester
Nikiongezea kwa Fundi. Nipo huku Uingereza na mfuko wa kazini kwetu ulikuwa kwenye lile sekeseke la Septemba 2022. Tarehe 23 waziri wa fedha alitoa bajeti ndogo ya kukata kodi bila kusema pengo ataliziba na nini. Hatifungani za Serikali zikaporomoka. Mifuko ya pensheni ya huku ilikuwa imetumia mikopo kuongeza nguvu ya hatifungani zake, ikadaiwa dhamana ya haraka, ikauza hatifungani ili ipate hela, bei ikazidi kuanguka, ikadaiwa tena. Nyoka anakula mkia. Tarehe 28 Benki Kuu ikaingia na kununua za pauni bilioni 65. Tulipata barua pepe kazini yenye kichwa cha habari "Pensheni yako iko salama". Hapo ndipo watu walipoanza kuogopa.

#9 Chai ya Rangi
Msafiri, bilioni 65 ndicho kiwango ilichotangaza kwamba iko tayari kufika. Ilichonunua kweli ni kama 19.3. Tangazo peke yake lilitosha kutuliza soko.

#10 Msafiri wa Leicester
Sawa mkuu, nimerekebishwa. Shukrani.

#11 Zege Halilali
Mmezunguka London mkimaliza turudi Kigamboni. Miaka ya nyuma mifuko ilikataa ushauri wa akina Mzee wa Kuponi, ikasema inajenga. Matokeo tunayo: Dege, mradi wa nyumba wa NSSF (mfuko wa sekta binafsi), zaidi ya nyumba 7,000 kwenye michoro, maghorofa yamesimama yanaangalia bahari, ndege wanaingia dirishani na kutokea upande wa pili. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, ameandika mpaka wino umekauka.

Na haya mazima yana yake. Niliwahi kupanga ofisi ghorofa ya 7 kwenye jengo la mfuko mmoja mjini, nisiutaje. Tulipoingia tulikuwa tunapanga foleni ya lifti asubuhi kama daladala za Gongo la Mboto. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma, ghorofa tatu juu yetu zilibaki tupu ndani ya mwaka. Lifti nne zikawa mbili, halafu moja. Mlinzi akawa anatujua kwa majina na anatuuliza habari za watoto. Nilipoomba kupunguziwa kodi ya pango niliambiwa bei imepangwa na bodi. Basi nikahama, na bodi ikabaki na bei yake.

#12 Kamanda Mpole
Zege, usichague mabaya tu. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa 2016, NSSF iliweka asilimia 60, Serikali 40. Unakumbuka pantoni la foleni? Unakumbuka kuvuka na jeneza saa sita mchana?

#13 Zege Halilali
Daraja nalivuka kila siku na nalishukuru. Lakini tozo ilipunguzwa 2022 kwa sababu wananchi walilia, na walilia kwa haki. Sasa niambie: mwekezaji gani bei ya bidhaa yake inapangwa na vilio? Na mwenye pensheni akilia, nani anamsikia? Kigamboni ni sisi, mfuko ni sisi, tunajipunguzia huku tunajiongezea kule.

#14 Popobawa
Hapa ndipo nilipokuwa nasubiri mfike.

#15 Mtu wa Kampala Road
Nafanya kazi Kampala mwaka wa tisa. Nawasoma nashangaa kitu kimoja: hakuna hata mmoja aliyetaja mfuko wake umepata asilimia ngapi mwaka jana. Huku hata mama muuza rolex (chapati ya mayai) wa pale kwenye kona anajua. Kila Septemba NSSF ya Uganda inatangaza riba ya wanachama mbele ya kamera. 2021/22 ilikuwa 9.65. Ikaja 10, ikaja 11.5, na 2024/25 ni 13.5. Inaingia kwenye akaunti yako, unaiona kwenye simu. Mwaka wa 9.65 watu walinuna.

Nao hununua hatifungani kwa wingi, tena za nchi zote za jirani, zikiwemo zenu. Na hisa za Safaricom pale Nairobi. Shilingi ya Kenya ilipolegea 2023, ukizibadili hesabu hizo kwa shilingi ya Uganda zilikuwa zinauma.

#16 Zege Halilali
Na majengo je? Usitufiche.

#17 Mtu wa Kampala Road
Haya, nisiwafiche. Pension Towers ya Lumumba Avenue ilianza kujengwa 2008, na ilichukua zaidi ya miaka kumi. Ugonjwa wa zege hauna pasipoti.

#18 Fundi Hesabu
Post #15 ndiyo moyo wa uzi huu, na naona watu wanairuka.

Uganda ni akiba. Ulichochanga pamoja na riba ndicho chako, ukifika 55 unachukua chote. Mfuko ukikosea kuwekeza, riba inashuka, unaumia mwaka huo huo na unapiga kelele mwaka huo huo. Sisi mafao yetu yanatoka kwenye kanuni: miezi uliyochangia, wastani wa mshahara, na kikokotoo (zile namba za kugawa na kuzidisha mafao). Uwekezaji haumo kwenye hiyo kanuni. Mfuko ukipata asilimia 15 au 4, mstaafu wa mwaka huu anapata kile kile. Ndiyo maana Mwalimu amechangia miaka yote hii na hajawahi kuuliza swali la #1 mpaka juzi.

Hasara haipotei lakini. Inakusanyika chini kwa chini, watakwimu bima, wale wanaopima kama hela za mfuko zitatosha, wanaikuta kwenye tathmini ya uhai wa mfuko, halafu siku moja kikokotoo kinabadilishwa na watu wote wanashangaa kwa pamoja.

#19 Mstaafu Mtarajiwa
Fundi umegusa kidonda, ngoja nikitie chumvi. Mtumishi wa miaka 30 (miezi 360), wastani wa mshahara 1,200,000, yaani 14,400,000 kwa mwaka.

Kanuni ya zamani ya PSPF (mfuko wa zamani wa watumishi wa umma): 1/540 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi uliochangia ndiyo pensheni ya mwaka; nusu yake kwa mkupuo, mara 15.5. Mkupuo milioni 74.4, pensheni ya mwezi 400,000.
Kanuni ya Julai 2022: 1/580, asilimia 33, mara 12.5. Mkupuo kama milioni 36.9, pensheni ya mwezi kama 499,000.

Nusu ya mkupuo imeyeyuka. Mnaniambia habari za London!

#20 Kamanda Mpole
Imebadilika tena, mkuu. Bajeti ya 2024/25 ilipandisha: waliotoka kwenye 50 wakashushwa hadi 33 wamewekwa 40, na wale waliokuwa na 25 zamani wamewekwa 35.

#21 Mstaafu Mtarajiwa
Asante, nilisahau. Basi kwa 40: mkupuo kama milioni 44.7, mwezi kama 447,000. Bado milioni 30 hazijarudi nyumbani.

#22 Mzee wa Kuponi
Na pensheni ya mwezi ni kubwa kuliko ya zamani. Mbona hilo hulisemi kwa sauti?

#23 Mstaafu Mtarajiwa
Kwa sababu fundi wa nyumba yangu hapokei kidogo kidogo kwa miaka 12.

#24 Dada wa Mradi
Habari zenu. Naandika kwa mara ya kwanza, nimesoma tangu #1.

Nilikuwa NSSF kupitia mradi wa afya uliofadhiliwa na Marekani. Mapema 2025 tuliitwa kwenye kikao cha dakika 20, tukaambiwa turudishe kompyuta na vitambulisho. Kituo chetu tulikuwa 64. Mimi nilikuwa nasaini fomu za vifaa, nikahesabu mikoba ya kompyuta imepangwa ukutani kama watoto wanaosubiri chanjo. Nimelipwa fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara, miezi sita, likaisha.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mnajadili hela zilizo ndani zikae wapi. Kuna mlango mwingine. Watu 64 tulikuwa tunaingiza asilimia 20 ya mishahara yetu kila mwezi, sisi 10 na mwajiri 10. Mwezi uliofuata tukawa tunatoa. Zidisha kwa miradi yote iliyofungwa. Hiyo hatifungani ya miaka 25 haikusaidii hapo, unatakiwa uwe na taslimu.

#25 Fundi Hesabu
Pole sana dada. Na umesema kitu ambacho wengi wanaolipwa kwa kazi hii hukisahau.

#26 Chai ya Rangi
Pole dada. Tena waajiri wapo wanaokata na hawapeleki. Huko mlangoni kuna mengi.

#27 Nakuru Moja
Salamu kutoka Nakuru, jamani. Mkikaa na huo wivu wenu wa Uganda, msitusahau sisi. NSSF yetu ilikuwa inakata mia mbili kwa mwezi miaka na miaka, hata hukumbuki iko kwa payslip. Februari 2023 korti ya rufaa ikakubali ile sheria ya 2013 ya kuongeza makato, saa hii ni asilimia 6 kwa madaraja. Hazina ikaanza kufura. Sasa hela ikifura utaipeleka wapi? Imeingia kwa barabara! NSSF na wale Wachina wa China Road and Bridge wako pamoja kwa ile barabara ya Rironi hadi Mau Summit, Rais Ruto aliizindua Novemba 2025. Itakuwa ya kulipia.

Mimi hupita hapo kila wiki na matatu. Hapo Gilgil kukiwa na lori imeanguka unalala njiani, kwa hivyo barabara naitaka. Lakini nikilipa toll nitakuwa najilipa mwenyewe nikiwa na miaka 60, ama namlipa nani? Hakuna mtu amenieleza nikaelewa.

#28 Kamanda Mpole
Karibu kwenye klabu ya wenye daraja, jirani 😂

#29 Mzee wa Kuponi
Kenya hiyo hiyo mnisikilize. Sheria yao inaruhusu skimu za pensheni hadi asilimia 90 kwenye hatifungani za Serikali, hisa za sokoni hadi 70, majengo 30, nje ya nchi 15. Uhuru wote huo wanao. Februari 2024 shilingi yao ilipokuwa imetoka kufika karibu 160 kwa dola, Hazina ikatoa hatifungani ya miundombinu ya miaka 8 na nusu kwa 18.46. Hela zilikimbilia wapi? Kwenye karatasi. Na aliyeinunua ameibeba hiyo 18 huku shilingi ikirudi hadi 130. Nyakati mbaya ndiyo msimu wetu wa mavuno. Anayeogopa mvua asilime.

#30 Chai ya Rangi
Na mwenye kununua karatasi mwaka mmoja kabla yake? Alikuwa anaangalia thamani inashuka kila wiki kwenye taarifa. Hadithi yako kila mara inaanza siku ya kununua chini, Mzee. Huwa hununui juu hata mara moja?

#31 Mzee wa Kuponi
Nilinunua Vodacom 850 mwaka 2017. Umefurahi sasa?

#32 Popobawa
😂😂😂 Mzee kaungama. Tumsamehe, hata mifuko tulikuwa nayo kwenye foleni ile.

#33 Bin Kwaku
Nimeishi Accra miaka minne kikazi, naomba niwatie hofu kidogo. Huko nako walikuwa na imani ya #3: karatasi ya Serikali haina hatari. Desemba 2022 Serikali ikatangaza mpango wa kubadilisha madeni ya ndani: leta hatifungani yako, chukua nyingine ya muda mrefu na kuponi ndogo. Mifuko ya pensheni ilikuwemo kwenye orodha. Vyama vya wafanyakazi vikatangaza mgomo wa nchi nzima kuanzia tarehe 27 Desemba, na Serikali ikaitoa mifuko kabla mgomo haujaanza. 2023 wakarudi mezani na masharti mengine laini zaidi.

Niliyoyashuhudia: wenzangu ofisini, watu wa IT wasiojua hata hatifungani ni nini, walikuwa wanasoma waraka wa wizara kwenye simu wakati wa chakula. Kilichookoa ile mifuko ni vyama kuwa na meno. Mchanganuo wa uwekezaji haukuhusika.

#34 Kamanda Mpole
Ghana walikuwa na mfumuko wa asilimia 50 na zaidi mwezi ule. Sisi tupo 3. Tusichanganye mafuta na maji.

#35 Bin Kwaku
Sikusema tupo sawa. Nimesema neno "haina hatari" lina tarehe ya kuisha.

#36 Mwenye Kumbukumbu
Na hapa kwetu mnasahau deni la kabla ya 1999. Watumishi wa Serikali walikuwa hawachangii, mfuko ulipoanzishwa ukabebeshwa kuwalipa wote. Deni likalala miaka 20 na zaidi. Mwishoni mwa 2021 PSSSF, mfuko wa sasa wa watumishi wa umma, ikapewa hatifungani maalumu isiyo taslimu ya trilioni 2.17. Yaani deni limelipwa kwa ahadi ya kulipa. Sisemi ni vibaya, angalau sasa lina karatasi na lina kuponi. Lakini unapoambiwa mfuko "umewekeza" kwenye hatifungani, uliza ni ngapi ulinunua mnadani na ngapi ulipewa.

#37 Mwalimu wa Zamu
#36 hapo sikujua. Nimeipiga picha nimemtumia mwenzangu wa Fizikia. Kajibu kwa herufi moja: K.

#38 Binti Pangani
Mbona wote mmekaa kimsiba? Mimi nipo Tanga. 2024 mamlaka yetu ya maji ilitoa hatifungani yake ya kijani, bilioni 53.12, miaka 10, asilimia 13.5. Ikauzwa ikapita lengo, zikaja bilioni 54.7. Haikudhaminiwa na Serikali, inalipwa kwa bili za maji. Nimenunua na mimi kidogo. Bomba jipya limepita nyuma ya kwetu, mafundi walikunywa chai kwa mama siku mbili, na mama anawaambia jirani zake kwamba ni bomba la binti yake.

Kwa mfuko hii ndiyo nafasi. Maji watu hawaachi kunywa uchumi ukiyumba. Na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ile hatifungani ya benki ya CRDB ya kuwalipa makandarasi ilitafuta bilioni 150 zikaja 323. Hela zipo, zilikosa mahali.

#39 Fundi Hesabu
Binti, nakubaliana nusu. Bilioni 53 ni nzuri kwako na kwa bomba lako. Mfuko wenye matrilioni ukinunua yote, haijaonekana hata kwenye asilimia moja ya mali zake. Zinatakiwa Tanga hamsini. Na kila moja ina mkurugenzi wake, mita zake mbovu, na wadaiwa sugu wake, zikiwemo ofisi za umma. Nani mfukoni atazikagua zote hamsini? Ni rahisi kupeleka zabuni moja ya bilioni 100 mnadani Jumatano na kurudi nyumbani saa tisa.

#40 Binti Pangani
Kwa hiyo tatizo ni uvivu?

#41 Fundi Hesabu
Uvivu na woga. Ofisa wa uwekezaji akinunua karatasi ya Serikali na mambo yakaharibika, hakuna atakayemuuliza. Akinunua kiwanda kikafa, anaitwa kwenye kamati. Wewe ungechagua nini?

#42 Zege Halilali
Na kuna waliochagua kiwanda kwa sababu waliambiwa wachague. 2016 na kuendelea kila mfuko ulitakiwa uwe na kiwanda. Sukari Mkulazi, viatu pale Karanga Moshi. Fundi, woga haukusaidii simu ikitoka juu.

#43 Kamanda Mpole
Sukari tunaagiza nje kila mwaka inapopungua. Mtu wa kuijenga hapa alitakiwa awe nani kama si mwenye hela za miaka 30? Benki itakukopesha miaka 5. Miwa yenyewe inataka uvumilivu.

#44 Chai ya Rangi
Hisa mnaziruka. PSSSF ni mwenye hisa mkubwa wa pili CRDB, kama asilimia 13. Hisa hiyo 2020 ilikuwa chini ya 200, mwisho wa 2024 ilikuwa juu ya 600. Gawio juu yake. Hakuna jengo wala kiwanda cha mfuko kilichofanya hivyo.

#45 Mzee wa Kuponi
Na huwezi kuuza asilimia 13 bila kuivunja bei, kama Fundi alivyonifundisha kwenye #7. Nimekuwa mwanafunzi mzuri.

#46 Fundi Hesabu
😂 Nimenasa.

#47 Mtu wa Kampala Road
Ongezeni moja kwenye hesabu zenu: huku tangu 2022 mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaruhusiwa kuchukua asilimia 20 mapema. Watu walipanga foleni. Mfuko ulilazimika kuweka taslimu tayari. Anayosema Dada wa Mradi ndiyo hayo, ila kwa sheria.

#48 Kijana wa Ubungo
Samahani nje ya mada, hatifungani mtu wa kawaida ananunuaje? Nina milioni moja na laki mbili.

#49 Mzee wa Kuponi
Karibu sana mwanangu! Kiwango cha chini ni milioni moja. Nenda benki yako au kwa dalali wa soko la hisa, fungua akaunti ya CDS (ya kutunzia hisa na hatifungani zako), jaza fomu ya zabuni isiyo ya ushindani, unapata bei ya wastani ya mnada. Minada ni Jumatano, angalia kalenda ya BoT. Laki mbili inayobaki usiiguse, ndiyo ya kukuzuia usiuze.

#50 Dada wa Mradi
Hiyo sentensi ya mwisho ningeijua Januari ile.

#51 Mwalimu wa Zamu
Wakuu nimerudi. Baada ya #18 na #36 niliona aibu nikaenda kuomba taarifa ya michango yangu. Kurasa sita. Sikufika hata kwenye mambo ya hatifungani. Mwaka 2009, Machi hadi Mei, hakuna kitu. Nilikuwa nimehamishwa halmashauri (siitaji), mshahara uliingia kama kawaida na makato nayaona kwenye salary slip zangu. Mfukoni hayapo. Dada wa dirishani kaniambia nilete ushahidi. Miezi mitatu kwa miezi 360 inaonekana kidogo ila ni yangu.

#52 Mstaafu Mtarajiwa
Mwalimu, leta slip za miezi yote mitatu, barua ya uhamisho, na barua ya kuripoti kituo kipya. Toa nakala mbili. Nenda kwanza kwa ofisa utumishi wa halmashauri ya zamani akuandikie uthibitisho, bila huo watakuzungusha. Anza sasa, usisubiri mwaka wa mwisho. Mimi yangu ilikuwa miezi miwili na imenichukua mwaka na nusu.

#53 Mwalimu wa Zamu
Slip ya Aprili imeliwa na mchwa, imebaki nusu ya chini. Namba ya cheki inasomeka. Itakubalika?

#54 Mstaafu Mtarajiwa
Kama namba ya cheki inasomeka, nenda nayo hivyo hivyo. Usiilamineti.